Maana ya Kuulizwa

Kuna amri ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania wa miaka hii ameizoea: "Haya, kaeni kwenye makundi." Madawati yanaburutwa, watoto saba au wanane wanageukiana, mmoja anachaguliwa mwenyekiti na mwingine katibu, na swali linaandikwa ubaoni. Baada ya dakika kumi makatibu wanasimama mmoja mmoja kusoma walichoandika. Darasa linapiga makofi. Mwalimu anasema "vizuri sana", anageukia ubao na kuandika jibu, lilelile lililokuwa kwenye andalio lake la somo tangu jana usiku.

Walimu, wathibiti ubora wa shule na wakufunzi wa vyuo vya ualimu wakikizungumzia kipindi kama hicho, huuliza kama mbinu ilifaa: je, wanafunzi walishiriki? Je, umahiri uliokusudiwa ulifikiwa? Ni maswali halali. Lakini chini yake kuna swali jingine lisilo na nafasi kwenye fomu yoyote: mtoto yule amejifunza nini juu ya kuulizwa? Kabla hajaelewa lolote la jiografia au uraia, ameshaona kwa macho yake inakuwaje mtu mwenye mamlaka anapomgeukia na kumwambia, "Wewe unaonaje?" Labda ameona kwamba rai yake inatakiwa. Labda ameona kwamba ni desturi ya kupitisha muda kabla ya jibu lenyewe kufika. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la kipindi chochote cha majadiliano, na ndilo mtoto atakalobaki nalo hata baada ya kusahau aina za mawingu na majina ya magavana wa kikoloni.

Nalifikiria jambo hili nikiitazama Gitting, kata ya Wilaya ya Hanang' mkoani Manyara, iliyo chini ya Mlima Hanang' wenye kimo cha karibu mita 3,420. Ni nchi ya ubaridi na upepo, ya mahindi, maharage, ngano, viazi na ng'ombe. Mwalimu anayepangiwa kazi huko kutoka mbali hupambana kwanza na lugha. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, husema lugha ya Kinailoti. Jirani zao Wanyaturu na Warangi husema lugha za Kibantu, ambazo kwa asili ni ndugu za Kiswahili. Dawati moja linaweza kuwa na watoto watatu ambao lugha za nyumbani kwao hazina undugu wowote. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na wako ambao wanakutana nacho sawasawa shuleni tu.

Mgeni huyo akidhani kwamba anawaletea watu hawa majadiliano kama kitu kipya, atakuwa amechelewa sana. Wabarbaig wana mabaraza yao ya chini ya mti, ambako mashauri ya ukoo, ya ujirani na ya malisho huzungumzwa mpaka yapate mwisho. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi nao katika miaka ya 1950, alieleza pia habari za baraza la wanawake. Wanawake hukutana peke yao, humsikiliza aliyekosewa, hupima, kisha huamua. Na mwanamume aliyevunja heshima ya mwanamke hutozwa faini ya ng'ombe. Hawakuwa wakitoa maoni yapelekwe kwa wazee wa kiume yakafikiriwe. Walikuwa wakihukumu, na mwanamume aliyehukumiwa alilipa hata kama alikuwa na kiburi.

Wairaqw nao wana slufay, maneno ya baraka na sala ambayo mzee mwenye kipaji huyasema mbele ya mkusanyiko huku waliohudhuria wakimwitikia. Slufay si majadiliano, wala hakuna anayejidai kuwa ni majadiliano. Watu huitikia kwa pamoja kwa sababu wanachokiomba ni kimoja: uzima, mvua, amani. Umoja wa sauti zao ndio maana ya tendo lenyewe.

Baraza na baraka, yakiwekwa pamoja, yanatupa kipimo kizuri cha darasa. Barazani kuna sauti nyingi kwa sababu jambo halijaamuliwa. Kwenye baraka kuna sauti moja kwa sababu watu wamekwisha kuwa na nia moja. Shuleni tunasema tuko barazani huku tukidai kuitikiwa kama kwenye baraka. "Tumeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Darasa zima limejibu kwa sauti moja, lakini nia moja haipo: wapo watoto arobaini, kila mmoja akijikinga asionekane mjinga. Mwitikio huo ungekuwa na maana yake kwenye sala. Ukija kama jibu la swali, unamnyima mwalimu habari pekee aliyokuwa anaihitaji, yaani nani amekwama na amekwama wapi.

Tatizo hili ni la zamani. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Sokrates anamwita kijana mtumwa asiyesoma na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba. Anamwuliza: ukitaka mraba wenye eneo maradufu, futi 8 za mraba, upande wake utakuwa na urefu gani? Kijana anajibu bila wasiwasi kwamba upande utakuwa futi 4. Wanauchora, eneo linakuja 16. Anajaribu 3; linakuja 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Baadaye, kwa kuongozwa, anafika kwenye ulalo, ule mstari unaokata mraba kutoka kona hadi kona, na mraba unaojengwa juu ya ulalo huo una eneo la 8 kamili.

Hadithi hii hutajwa sana na wanaotaka kuonyesha kwamba maswali hufundisha kuliko hotuba. Ukiisoma kwa makini unaona kwamba kwa sehemu kubwa kijana anajibu "ndiyo" tu, na Sokrates hayuko mbali sana na mwalimu wa "tumeelewa". Uhai wa somo lile umo mahali pawili: kwenye 4 na kwenye 3. Hapo kijana alitoa kitu chake mwenyewe, kikapimwa mbele yake, kikashindwa, na hakuna aliyemcheka. Kosa lake lilipewa heshima ya kuchorwa. Kama Sokrates angesema "Hapana! Mwingine!" na kumwonyesha kidole mtoto wa dawati la nyuma, kijana angeondoka na aibu tu, hata kama wa dawati la nyuma angepata.

Mwalimu wa Gitting ana haki ya kunikatiza hapa. Sokrates alikuwa na kijana mmoja, na hakuna kengele iliyokuwa ikimngoja. Yeye ana kipindi cha dakika 40, na kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hata darasa likilingana na kiwango hicho, na mwalimu asiseme neno tangu mwanzo wa kipindi mpaka mwisho, kila mtoto ana sekunde 53. Wakiwa 80, hali isiyo ngeni tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kila mmoja ana sekunde 30. Na mwisho wa darasa la saba unamngojea mtihani wa taifa ambao kwa sehemu kubwa hautamwuliza amefikiri nini. Utamtaka achague herufi.

Hesabu hiyo haipingiki, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa makundi. Makundi kumi yakizungumza kwa wakati mmoja, dakika 10 za saa ya ukutani zinazaa dakika 100 za mazungumzo. Lakini dakika hizo zina wenyewe. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kundi la darasani anajua: mmoja anajibu, mmoja anaandika, waliobaki wanangoja. Mwenye Kiswahili chepesi ndiye mwenyekiti. Mtoto wa mfugaji aliyeanza shule akiwa amechelewa, ambaye nje ya darasa angeweza kukueleza majani ya bonde zima na msimu wa kila aina, anakaa ukingoni akishika rula ya mwenzake. Kundi limeongeza muda. Haki ya kusema imebaki palepale ilipokuwa.

Hapa baraza la wanawake lina jambo la kutufundisha. Wanawake wale hawakungoja wapewe nafasi katikati ya wanaume. Walikuwa na mahali pao pa kulizungumza jambo mpaka neno likomae, na lilipotoka nje lilikuwa na nguvu. Walimu wetu wamefunzwa kuchanganya: wavulana kwa wasichana, wepesi kwa wazito, kila kundi liwe na kila aina ya mtoto. Kuchanganya kuna faida yake. Hata hivyo, upo wakati ambapo haki ni kuwaacha kwanza wale wasiosikika wakae pamoja, katika lugha wanayoimudu, walipate neno lao, ndipo waje nalo kwa darasa zima. Mtoto anayeipika hoja kwa Kiiraqw na kuileta kwa Kiswahili amefanya kazi mara mbili. Anastahili kusifiwa, na mara nyingi anakaripiwa.

Sekondari jambo hili linakuwa gumu zaidi, kwa kuwa masomo yanageukia Kiingereza. Kijana aliyezoea kubisha kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi anatakiwa sasa abishe kwa lugha ambayo hana hata maneno ya kusema "sikubaliani nawe, kwa sababu". Basi kundi linafungua kitabu, linanakili aya, katibu anaisoma. Anayechungulia dirishani anaona majadiliano. Waliomo ndani wanajua kwamba hakuna aliyejadili. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba wanafunzi wetu hawana mazoea ya kujenga hoja. Wasikilizeni wakati wa mapumziko wakibishana juu ya Simba na Yanga. Kuna dai, kuna ushahidi, kuna anayekumbusha matokeo ya msimu uliopita, kuna anayesema "hapo nakubali, lakini". Uwezo wanao. Darasani wanakosa jambo linalowagusa na lugha ya kulisemea.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la muda. Kuna mambo yasiyojadiliwa. Saba mara nane ni 56, Gitting na Dar es Salaam. Darasa likipiga kura kwamba ni 54, kura hiyo haibadilishi kitu. Mwalimu anajua jibu, na wanafunzi wanajua kwamba anajua. Sasa akiuliza "mnaonaje?", anafanya nini zaidi ya kuigiza? Na kama anaigiza, si afadhali aseme tu?

Jibu nalipata katika jambo lililofanyika nchini humu zamani kidogo, nje kabisa ya shule. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya", na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikiwa katikati ya kazi hiyo. Wananchi karibu milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa. Kikundi kilikusanyika kwenye redio kikasikiliza kipindi, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake sura ya kitabu, kisha wakazungumza juu ya malaria, kichocho, kuhara na maji machafu. Mazungumzo yalitakiwa yaishie kwenye uamuzi wa la kufanya. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi.

Mtu mwenye mashaka atasema kwamba kampeni ile ilikuwa na majibu yake tangu mwanzo, na atakuwa amesema kweli. Hakuna kikundi kilichoombwa kupiga kura kama mbu anaeneza malaria au haenezi. Dar es Salaam ilikwisha kuamua kwamba choo kichimbwe. Lakini yalibaki mambo ambayo Dar es Salaam haikuyajua wala haingeweza kuyajua: choo kikae upande gani wa boma, kichimbwe kabla ya mavuno au baada, nani amchimbie bibi mjane asiye na nguvu, aliyekataa afanywe nini. Hayo yalikuwa mali ya kikundi. Waliulizwa kuhusu kile kilichokuwa mikononi mwao kweli, ndiyo maana kuulizwa kwao hakukuwa igizo.

Basi mwalimu anaweza kulijua jibu na bado akauliza kwa ukweli. Analotakiwa kujua ni sehemu gani ya jambo amemwachia mwanafunzi, kisha amwachie kweli. Katika saba mara nane, jibu halikuachwa kwa mtoto, lakini njia ni yake. Mmoja anatoka kwenye saba mara saba, 49, anaongeza saba. Mwingine anachukua saba mara nne, 28, anairudia. Wa tatu amekariri tu na hawezi kueleza. "Umefikaje hapo?" ni swali ambalo mwalimu, hata awe na shahada ngapi, hana jibu lake, kwa sababu jibu limo kichwani mwa mtoto mmoja peke yake. Swali la aina hiyo likiulizwa mbele ya darasa, wengine wanaona kwamba jibu moja lina njia kadhaa na kwamba njia yao nayo inaweza kuonyeshwa. Ukweli wa hesabu haukubadilika. Kilichobadilika ni umiliki wake: sasa wanaujua, na jana waliuitikia tu.

Yapo pia mambo ambayo hata mwalimu hajui mwisho wake, na Gitting haihitaji kwenda mbali kuyatafuta. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang' ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka mpaka mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba volkano haikuhusika: mwamba dhaifu wa mlima ulifyonza maji mpaka ukashindwa kujishikilia.

Mwalimu wa jiografia anayeishi chini ya mlima huohuo akifika kwenye mada ya maporomoko ya ardhi, ana njia mbili. Anaweza kuandika ubaoni: "Tajeni sababu nne za maporomoko ya ardhi." Makundi yatataja ukataji miti, mvua nyingi, kilimo cha miteremkoni na matetemeko, yatapata nne kwa nne, na kipindi kitakwisha salama. Au anaweza kuuliza: "Mlima wetu ulimeguka kwa nini, na sisi tunaokaa chini yake tufanye nini?"

Akiuliza hivyo, darasa litamletea vitu ambavyo havimo kitabuni. Yuko atakayesema ni miti iliyokatwa, na mwenzake atamwuliza kama pale palipomeguka palikuwa shamba au msitu. Yuko atakayesema aliyoyasikia nyumbani, kwamba mlima umekasirishwa. Na kwa Wabarbaig mlima huo ni mahali patakatifu, kwa hiyo mtoto huyo haleti mzaha. Yuko atakayenyamaza kwa sababu alizika ndugu. Swali la kweli lina gharama, na mwalimu asiyeijua gharama hiyo kabla ya kuuliza anaweza kuumiza.

Afanye nini na lile la mlima kukasirika? Mwalimu mmoja atalicheka, na mtoto hatasema tena mpaka amalize shule. Mwingine, kwa kuogopa kudharau, atasema kila jibu ni sahihi, na hapo darasa litakuwa limejifunza kwamba ushahidi hauna kazi. Njia ninayoiona mimi ni ya kutenganisha maswali. "Mwamba ulimegukaje?" ni swali moja, na lina vya kutazamwa: aina ya udongo, wingi wa mvua, kovu lililobaki mlimani. "Kwa nini yatupate sisi?" ni swali jingine, linaloulizwa msibani, na hakuna kipimo cha mvua kinacholijibu. Watu wengi wenye elimu kubwa huyachanganya hayo mawili maisha yao yote, kwa kulijibu la pili kwa jibu la kwanza au la kwanza kwa jibu la pili. Darasa la sekondari linaloweza kuyatenganisha bila kumvunjia mtu heshima limefanya falsafa, hata kama somo lilikuwa jiografia. Kisha linabaki lile la tatu, "tufanye nini?": nyumba zijengwe mbali kiasi gani na makorongo, nani atoe taarifa usiku mvua ikizidi, wazee na wagonjwa wahamishwe na nani. Hapo mwalimu na mwanafunzi hawajui kwa kiasi kilekile.

Wazazi wana hofu yao, nayo si ya kupuuzwa. Mtoto akizoeshwa kusema mbele ya mwalimu, si kesho atamjibu baba yake? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini wazee walewale, wakikaa barazani, hupingana muda mrefu bila kutukanana. Ni kosa kubwa kudhani kwamba adabu na kubisha ni maadui. Palipo na adabu mtu huthubutu kubisha, kwa sababu anajua hatadhalilishwa. Pasipo na adabu, mwenye sauti kubwa hushinda na wengine hunyamaza. Shule ingefanya vema kuazima sheria moja ya mazungumzo ya watu wazima wenye busara: usiipinge hoja ya mwenzako mpaka umeirudia na mwenyewe akasema "ndivyo nilivyosema". Sheria hiyo peke yake inapunguza kelele kuliko fimbo, na inamlazimisha mtoto kufanya jambo gumu kuliko kusema, yaani kusikiliza. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya udadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na hali ya mtu kujiamini kwamba ni sawa na wenzake. Aliyataja kwa pamoja, kwa kuwa udadisi wa mtu asiyejifunza kwa wengine ni ujuaji tu.

Kutokana na hayo yote, ushauri wangu kwa mwalimu ni mfupi. Kabla ya kuandika "majadiliano ya vikundi" kwenye safu ya mbinu, ajiulize: katika kipindi hiki, ni kitu gani nimewaachia waamue, wagundue au wanieleze wasilolijua hata mimi? Akikipata, hata kiwe kidogo, awaulize na awape nafasi ya kukosea. Asipokipata, basi afundishe kwa kueleza, bila haya yoyote. Maelezo mazuri ya mwalimu anayelijua somo lake ni zawadi, na mtoto anayeelezwa waziwazi anajua yuko wapi. Majadiliano ya uongo yanamwibia mara mbili: hapati maelezo, wala hapati nafasi.

Na hasara hiyo haiishii shuleni. Mtoto aliye darasa la saba leo atafikisha miaka 18 muda si mrefu, na siku hiyo, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, atakuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Hanang' wanajua uzito wa idhini hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu, chini ya shirika la NAFCO, na kiasi cha ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig zikaenda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, na katikati ya miaka ya 1980 wakashindwa Mahakama ya Rufani. Watu hao walikuwa na mabaraza yaliyokomaa kuliko mbinu yoyote ya chuo cha ualimu. Kujadili walikujua. Waliowachukulia ardhi ndio ambao hawakujua kuuliza, au hawakutaka.

Kwa hiyo nisidai kwamba majadiliano darasani yatamlinda mtu na kila dhuluma. Kinachowezekana ni kidogo zaidi, na bado ni kikubwa. Shule inaweza kulea watu wanaoitambua tofauti ya kuulizwa na kuarifiwa, kwa sababu wameionja wakiwa wadogo. Mtu wa namna hiyo, mgeni akija kijijini na karatasi yake na kusema "tumekuja kupata maoni yenu", atanyanyua mkono na kuuliza kwa adabu: "Ndugu mwenyekiti, jambo hili limeshaamuliwa au bado?" Na yule atakayekaa upande wa pili wa meza, akiwa ofisa au mwekezaji, huenda naye alisoma darasa lilelile. Kama aliwahi kuulizwa kwa ukweli, atajua kwamba swali hilo linastahili kujibiwa.